Niliandika Paja, Kumbe Kichwa

Waliohudhuria kikao cha Jumatano ile, saa kumi jioni, katika chumba cha chai cha uwanja wa mpira wa Wirrabee: Gordon Laidlaw, mkulima wa ngano, mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa klabu ya Tarrawell, Noeline Hatch, mjane, mpishi wa vitafunio vyetu, Dermot Keneally, fundi wa matrekta, ambaye mji mzima unamwita Kiazi, na mimi, Mervyn Trezise, mwalimu wa sekondari, katibu. Waliochelewa: Rhonda Wetherby na mwanawe Brodie. Waliotoa udhuru: hakuna.

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari la mihtasari, kwa wino mweusi, bila kufuta neno. Daftari hilo ningali ninalo. Ukurasa ule ndio wa mwisho niliowahi kuliandikia tawi.

Msomaji aliyeandamana nami tangu mwanzo anajua jinsi nilivyoukosa unaibu mkuu wa shule kwa sababu ya ugumu wangu wa taratibu. Anajua pia jinsi ugumu huo ulivyolainika siku moja tu, tarehe tisa Agosti, ambayo niliisimulia juma lililopita. Aliyepitwa na simulizi hiyo nitamwambia kwa ufupi.

Siku hiyo, katika mechi ya shule ya mpira wetu huu wa mikono na miguu, Brodie Wetherby aliruka kuudaka mpira juu ya mabega ya wenzake, na goti la mpinzani likampata kwenye panja. Alilala chini bila kujitikisa. Alipofumbua macho aliniita Mama.

Kanuni haina utata: aliyegongwa kichwa hachezi kwa siku kumi na mbili. Lakini siku ya nane watafuta vipaji wa klabu zote za ligi kuu walikuwa wanakuja kumtazama Brodie. Gordon, aliyekuwa mbeba maji wa timu siku ile, aliinama sikioni pangu akasema, "Andika paja, Merv." Nikalifungua daftari la majeraha la shule, nikaandika: mkazo wa msuli wa paja.

Siku ya nane Brodie akacheza, akafunga magoli sita. Watu wazima walilia kwa furaha, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Sasa tuingie katika kikao.

Gordon aligonga meza kwa kijiko. "Ajenda ni moja," alisema. "Klabu imfanye nini Jarrod Durkin kabla ya saa moja na nusu jioni ya leo?"

Saa moja na nusu ndipo dirisha la kubadilishana wachezaji lilipokuwa linafungwa. Tarrawell walikuwa wamemaliza msimu karibu na mkia, na kwa hiyo, katika foleni ya kuchagua chipukizi mwezi wa Novemba, walikuwa na zamu ya nne. Brodie hakutarajiwa kubaki mpaka zamu ya nne. Klabu yenye zamu ya pili ilikuwa inamtaka Brodie, lakini ilimtaka zaidi nahodha wetu, Durkin.

"Durkin haondoki," alisema Noeline kabla Gordon hajaketi. "Hata kidogo."

"Mama Hatch, utamng'ang'ania mpaka atembelee mkongojo," alisema Kiazi. "Ana miaka thelathini na moja! Magoti yake yanalia kama mlango wa banda langu."

"Na kiuno chako je? Kinalia hivyo hivyo, mbona sisi hatujakubadilisha na fundi kijana?"

"Mimi sina anayenitaka."

"Sasa hapo umesema kweli, mpenzi."

Tulicheka. Nakumbuka kwamba tulicheka, na nakumbuka kuwa kicheko changu kilichelewa kidogo, kama cha mtu anayesikiliza lugha ngeni.

Kiazi alizisogeza sahani za Noeline katikati ya meza. Alichukua pai moja ya nyama, akaiweka peke yake. "Huyu ni Durkin. Hii hapa ni zamu yetu ya nne." Akaweka pai ya pili. "Tunawapa hizi mbili. Wao wanatupa hii, zamu ya pili, na hii ndogo iliyoungua, zamu ya kumi na tisa. Kwa zamu ya pili tunamchukua mtoto wetu Brodie. Kwa hii iliyoungua tunamchukua yule mrefu wa Tasmania, mrefu kama mnara wa simu, asubiri miaka miwili anenepe. Mnaona? Ni hesabu ya darasa la nne. Mwalimu, sahihisha."

"Hesabu ni sahihi," nilisema.

Noeline alinyoosha mkono, akaichukua ile pai iliyokuwa Durkin, akairudisha kwenye sahani. "Haondoki. Ted wangu alipolazwa, Jarrod Durkin alikuja hospitalini akakaa naye saa nzima. Hakuja na mpiga picha. Hakumwambia mtu."

"Hatupimi wema hapa, Noeline," alisema Gordon, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tunapima mji. Ni miaka arobaini na mitatu sasa Wirrabee haijatoa mchezaji wa ligi kuu. Mara ya mwisho mimi nilikuwa na nywele."

"Hilo mimi nalikataa," alisema Kiazi. "Nywele zako hakuna shahidi aliye hai."

Gordon hakucheka. "Benki imefunga. Kinu kimefunga. Mwakani wanataka kuunganisha shule yako na nyingine, Merv, usijifanye hujui. Huyu mtoto akivaa ile fulana ya kijani, jina la Wirrabee litasemwa redioni kila Jumamosi. Mimi nimesubiri hilo maisha yangu yote."

Wakati huo simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya ubao wa matokeo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyezoea kukata maneno.

"Mwalimu Trezise? Naitwa Yvette Skilbeck, mkuu wa watafuta vipaji, Tarrawell. Uko peke yako?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Basi nitasema upesi. Tumekubaliana kila kitu. Durkin anakwenda, zamu ya pili inakuja kwetu. Amekwisha fungasha, masikini. Limebaki jambo moja. Kuna mtu wa timu mliyocheza nayo Agosti ameniambia kijana wako aligongwa kichwa siku ile."

Nilisogea mbali zaidi na mlango.

"Mimi siamini uvumi," aliendelea. "Naamini daftari. Niandikie barua moja ya shule, mistari miwili tu, na sahihi yako: hakuna pigo la kichwa lililoandikwa wala kushuhudiwa msimu huu. Nipigie kabla ya saa kumi na mbili, uniambie kuwa umeituma. Nikiipata, tunafunga biashara. Nisipoipata, Durkin anafungua sanduku lake, nasi tunatafuta mtoto mwingine."

"Na madaktari wenu?"

"Watampima, bila shaka. Lakini madaktari huanza kwa kusoma kilichoandikwa. Nimeulizia habari zako, mwalimu. Wanasema wewe ndiye mtu pekee wa wilaya hiyo ambaye daftari lake halina mfuto hata mmoja. Jina lako linanitosha."

Akakata simu.

Nimepata kutukanwa na wazazi, na wanafunzi, na mkaguzi mmoja wa shule. Hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile.

Niliporudi ndani, Gordon alinitazama usoni akajua. Nikawaeleza yote yaliyohusu mabadilishano, na ile barua, na saa kumi na mbili. Sababu ya barua nikaimeza.

Kiazi alirukaruka kama mwanakondoo. Noeline aliketi taratibu. "Amekwisha fungasha?" aliuliza. "Mtoto wa watu, amekwisha fungasha?" Akajifuta macho kwa kitambaa cha sahani.

Gordon alinivuta mpaka kwenye sinki, nyuma ya birika kubwa la umeme lililokuwa likichemka. "Mbona barua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mtu amewaambia habari za Agosti."

"Nani?"

"Hakumtaja. Gordon, wewe ulikuwepo. Ulimshika mkono wakati anatapika."

"Nilimshika mkono kijana mwenye maumivu ya paja." Alisema hivyo huku akinitazama bila kupepesa. "Imeandikwa, Merv. Umeiandika wewe. Barua hiyo haikutaki useme uongo wowote mpya."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyokuwa amenitega. Agosti nilidhani ameniomba msaada. Kumbe alikuwa amenikabidhi mzigo, na kamba ya kuufungia nilikuwa nimeisokota kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Rhonda Wetherby aliingia na buti zake za kuendeshea lori la nafaka, na nyuma yake Brodie, mabega yameujaza mlango. Alikuwa amevaa miwani ya jua.

"Karibu, bwana mkubwa!" alipiga kelele Kiazi. "Jamani, miwani ya jua ndani ya nyumba! Hajachaguliwa bado, amekwisha kuwa nyota. Tutapata wapi nafasi ya kukuona, mheshimiwa?"

"Andika barua kwa katibu wangu," alisema Brodie, akacheka, akampa kila mtu mkono. Alikuwa kijana mwenye adabu. Kwangu alisema, "Shikamoo, Mwalimu," kama alivyosema kila asubuhi kwa miaka sita.

Aliketi. Noeline akamwekea pai mbili na chupa ya sosi ya nyanya. Akatafuna, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akauliza, "Eti, Durkin tumembadilisha?"

"Karibu tutambadilisha, mwanangu," alisema Gordon. "Kabla ya jua kuzama. Kwa ajili yako."

"Mungu wangu," alisema Brodie. "Durkin! Nina picha yake ukutani tangu nina miaka saba."

Kiazi akaanza kumpangia maisha: nani atamfunza, atavaa namba gani, atakodi chumba mtaa gani wa Melbourne, na asithubutu kuoa msichana anayeshabikia timu nyingine. Rhonda alikuwa akitabasamu kwa nusu ya mdomo, kikombe mkononi. Labda zilipita dakika sita.

Brodie alimaliza pai ya pili. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, akauliza, "Eti, Durkin tumembadilisha?"

Ilikuwa sauti ile ile na mshangao ule ule, nyusi zimenyanyuka kama mara ya kwanza.

Kiazi alijipiga paja kwa kicheko. "Anataka kuisikia mara mbili! Tamu hiyo, eti?"

Mimi sikucheka. Nimefundisha kwa miaka ishirini na sita. Naijua sauti ya kijana anayetania, na naijua sauti ya kijana anayeuliza.

Kikombe cha Rhonda kilikuwa kimesimama katikati ya njia, kati ya sahani na mdomo. Yeye pia hakuwa anacheka.

"Brodie," nilisema, "vua miwani."

"Ah, Mwalimu. Taa za humu kali."

"Taa za humu ni mbili, na moja imekufa tangu mwaka juzi. Vua."

Akavua. Alikunja uso kama mtu aliyerushiwa mchanga, akauweka mkono juu ya macho.

"Unalala vipi siku hizi?"

"Vizuri tu."

"Anafunika dirisha kwa blanketi," alisema Rhonda ghafla. Hakumwambia mtu yeyote hasa. "Mchana. Anasema mwanga unamuumiza. Tangu Juni."

"Juni?" nilisema. "Haiwezekani. Pigo lilikuwa Agosti."

Nilisikia maneno hayo yakitoka, na sikuweza kuyarudisha. Gordon alifumba macho.

Rhonda alikiweka kikombe chini. "Pigo gani la Agosti?"

Birika lilijizima kwa mlio mdogo.

"Merv, nakuuliza. Agosti uliniambia mwanangu ameumia paja. Ulinipigia simu mwenyewe. Nilimkanda kwa barafu siku tatu. Nilikanda paja!"

"Hakuumia paja," nilisema. "Aligongwa kichwa. Alipoteza fahamu. Niliandika paja ili acheze mbele ya watafuta vipaji."

Sijui msomaji anatarajia nini kwa mama anayeambiwa jambo kama hilo. Mimi nilitarajia kofi, na nilikuwa nimeyaandaa mashavu yangu. Lakini Rhonda alirudi nyuma hatua moja, akashika ukuta, uso wake ukawa wa rangi ya majivu, na jicho lake likamtafuta mwanawe, likiwa na kitu ambacho hakikuwa hasira. Ilikuwa hofu ya mtu aliyefumaniwa.

Brodie ndiye aliyecheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha uchovu.

"Basi semeni yote," alisema. Akainua kidole kimoja. "Machi. Pikipiki, tukiwaswaga kondoo. Niliamka kwenye mtaro. Mama akasema tusiende hospitali, majaribio ya timu ya mkoa ni keshokutwa." Akainua kidole cha pili. "Juni. Mazoezini, nguzo ya goli. Mzee Gordon akanirudisha nyumbani kwa gari lake, akasema niseme nina mafua." Akainua cha tatu. "Agosti. Mwalimu." Aliviangalia vidole vyake kama vile ni vya mtu mwingine. "Na kila mmoja wenu aliniambia maneno yale yale. 'Brodie, hili ni letu wawili.'"

Kwa miezi miwili nilikuwa nimebeba dhambi moja, nikiamini ni yangu peke yangu, na kwa kuwa ilikuwa moja nilijiambia kwamba si kubwa. Kichwa kimoja, pigo moja, kijana mwenye nguvu, atapona. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amejiambia hivyo hivyo. Mji mzima ulikuwa unaficha pigo moja moja, na hakuna aliyekuwa ameyajumlisha isipokuwa mwenye kichwa.

"Yesu na Maria," alisema Noeline.

Kiazi alizikusanya pai zilizobaki mezani, akazirudisha kwenye sahani.

Gordon alikuwa wa kwanza kujikusanya. Aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti, akakivuta karibu na meza. "Haya. Sasa yote yako mezani, na hapa mezani ndipo yatakapobaki. Wavulana wamegongwa vichwa tangu mpira huu uanze. Mimi niligongwa mara saba."

"Ndiyo maana ulipanda ngano mwaka wa ukame," alisema Kiazi, lakini kwa unyonge, na hakuna aliyecheka.

"Klabu ina madaktari wenye mashine za mamilioni," Gordon aliendelea. "Watamtazama vizuri kuliko hospitali yoyote ya huku. Si ndiyo, Rhonda? Akifika kule, atatunzwa. Asipofika, atabaki hapa, na daktari wetu anakuja Jumanne tu."

Rhonda aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alitaka kuamini. Niliona jinsi alivyotaka.

"Madaktari wale huanza kwa kusoma kilichoandikwa," nilisema. "Na kilichoandikwa ni paja, na mafua, na katika lile la Machi hakuna hata neno. Watampima kama kijana ambaye hajawahi kuguswa. Watamweka uwanjani Machi ijayo na wanaume wa kilo mia."

"Mwalimu." Brodie alikuwa amenigeukia. "Mimi nataka kwenda. Jumanne iliyopita nimetimiza miaka kumi na minane, naweza kusema mwenyewe. Sina kitu kingine. Mtihani wako wa historia nimepata thelathini na nne. Wewe mwenyewe uliandika kwenye ripoti: 'Amezembea.'"

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana hata leo mkono wangu unasita.

Mwaka uliotangulia, kijana huyo alikuwa amepata sabini na moja katika somo lile lile. Sabini na moja! Niliiona tofauti hiyo. Niliipigia mstari kwa rula. Nikaketi na kalamu yangu, mimi niliyelala juu ya siri ya Agosti, na nikaandika kwamba amezembea.

"Tupige kura," alisema Gordon. "Klabu inataka barua ya shule ya kusema hakuna pigo la kichwa msimu huu; iende kama ilivyoombwa. Wanaokubali?"

Yeye aliinua mkono. Brodie aliinua wake, wenye chembe za pai kwenye vidole. Rhonda aliuangalia mkono wa mwanawe kwa muda mrefu, kisha akainua wa kwake, si juu, usawa wa bega tu.

"Wanaopinga?"

Noeline aliinua mkono mara moja.

"Wewe unamtaka Durkin wako," alisema Gordon.

"Durkin wape hata bure!" Alisimama, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "Wape na hizi pai! Mimi Ted wangu aliniuliza jina langu kila asubuhi kwa miaka minne, Gordon Laidlaw. Miaka minne. Kila asubuhi nilimwambia 'Noeline,' na kila asubuhi alifurahi kunifahamu. Yeye alikuwa na miaka sabini na nane. Huyu ana kumi na minane. Mpelekeni hospitali."

Akaketi, mkono ungali juu.

"Kiazi?" aliuliza Gordon.

Kiazi alikuwa anatazama dirishani, kuelekea ghala za nafaka. "Mimi sipo," alisema. "Andikeni kwamba nilitoka kuvuta sigara." Na akatoka kweli, ingawa alikuwa ameacha sigara miaka tisa iliyopita.

"Watatu kwa mmoja," alisema Gordon. "Imepita. Katibu ataandika, na katibu atatekeleza."

Nikaandika. Waliokubali: watatu. Waliopinga: mmoja. Aliyetoka: mmoja. Katibu hapigi kura. Hiyo ni kanuni niliyoitunga mwenyewe, na kwa miaka kumi na tisa niliitii, kama nilivyotii kila uamuzi wa tawi lile, hata wa kupaka choo rangi ya kijani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika nane.

Gordon alisukuma karatasi nyeupe mpaka mbele yangu. Juu yake akaweka kalamu yangu mwenyewe, akaigeuza ili kichwa chake kinielekee. "Mistari miwili, Merv. Baada ya hapo wewe na mimi hatutazungumza tena habari hii mpaka tufe." Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayesoma utabiri wa mvua: "Na usijidanganye. Ukisema, hawatauliza habari za Gordon wala za Rhonda. Watauliza nani aliandika paja. Utafukuzwa kazi kabla ya Krismasi. Na shule ikifungwa, watu wa hapa watasema umeifunga wewe."

Yote aliyoyasema yalikuja kutimia, ila moja, na hilo moja, ambalo nitalisimulia wakati wake, lilikuwa baya zaidi ya alivyolisema. Lakini wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba hakuwa ananitisha bure.

Nilimtazama Rhonda. Alikuwa amemshika Brodie mkono, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Brodie alikuwa ameirudisha miwani usoni, akinisubiri kwa utulivu, kwa imani, kama alivyonisubiri darasani nigawe karatasi za majibu.

Nilikifunga kifuniko cha kalamu. Nikatoa simu yangu, nikaibonyeza namba ya Bi Skilbeck, nikaiweka katikati ya meza baina ya sahani, sauti wazi, ili kila mmoja asikie inavyoita. Ikaita mara moja. Gordon aliinuka kwenye kiti. Ikaita mara ya pili.

"Kikao kimeamua, na uamuzi wake nimeuandika," niliwaambia. "Sasa sikilizeni wangu. Barua siisaini. Akipokea mama huyu, nitamwambia pigo la Agosti, tarehe yake, dakika yake, na paja nililoliandika, kwa sababu hilo ni langu. La Machi na la Juni sitalitaja hata moja. Nikimaliza langu nitanyamaza, na simu nitaiacha wazi hapa hapa. Wenye hayo mengine wamo humu ndani."